Taulo la moto kabla ya wembe: lina kazi gani hasa?

Ndevu Ngumu anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Kwa miaka mingi nimekuwa nikinyoa ndevu zangu mwenyewe kwa mashine, bila mbwembwe yoyote: nasimama mbele ya kioo, dakika tano hazijaisha, nimemaliza na kuondoka. Mwezi uliopita niliamua kuujaribu ule unyoaji wa zamani unaosifiwa na wengi, yaani kulazwa kwenye kiti, kufunikwa uso kwa taulo la moto, kupakwa povu kwa brashi na kunyolewa kwa wembe wa kukunja. Nilikwenda kwa kinyozi ambaye sikumfahamu, nikamweleza ninachotaka, naye akakubali bila kusita.

Taulo lilipotua usoni lilikuwa na moto wa kumfanya mtu aruke. Niliinua kichwa bila kukusudia, kinyozi akacheka na kuniambia kwamba nitalizoea, na kweli kabla sijahesabu hata hadi thelathini alikuwa amekwisha kuliondoa na kulitupa kwenye beseni. Kisha akanipaka povu la kopo, akanyoa haraka sana, na shingoni nilihisi wazi kwamba wembe ulikuwa ukipanda kutoka chini kwenda juu, huku ngozi ikivutwa mpaka inauma. Sikukatwa hata mahali pamoja. Siku ile uso ulikuwa laini ajabu, kiasi kwamba kila baada ya muda nilijikuta nakipapasa kidevu kama mtu aliyenunua kitambaa kipya. Siku ya tatu mambo yakageuka: chini ya taya, zaidi upande wa kushoto, vipele vikaanza kujitokeza, vingine vikiwa na usaha, na nilipochungulia kwa kioo cha kukuzia niliona kuwa ndani ya vipele kadhaa kulikuwa na unywele uliojipinda kama kulabu na kurudi ngozini.

Ninachotaka kuelewa ni hiki. Je, taulo la moto lina kazi ya kweli katika unyoaji, au ni pambo la kumfanya mteja ajione mfalme kabla ya kulipa? Na kama lina kazi, ilikuwaje mimi niliyefunikwa taulo nikapata vipele ambavyo mashine yangu haijawahi kunipa? Ndevu zangu ni nene na za kujikunja sana, nadhani hilo lina uzito katika jibu. Naomba nijibiwe na wanaoifahamu kazi hii, kwa sababu rafiki zangu niliowauliza kila mmoja amenipa sababu yake.

Fundi wa Wembe anajibu:

Ndugu Ndevu Ngumu, pole kwa yaliyokupata. Nimeishika kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa maelezo yako naona kwamba ulionyeshwa taulo la moto, kisha ukanyolewa kana kwamba halikuwapo. Tofauti hiyo ndiyo jibu la swali lako la kwanza, na kwa sehemu kubwa ni jibu la swali la pili pia.

Wahenga waliposema kwamba ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji, walikuwa wakizungumzia tahadhari, lakini ndani ya methali hiyo mna ufundi wote wa kinyozi: maji hutangulia, wembe hufuata. Udevu mkavu ni kitu kigumu mno. Ukilowekwa, maji hupenya ndani yake, ile protini iitwayo keratini inayoujenga unywele hulegea, unywele huvimba kidogo na kuwa laini, na nguvu inayohitajika kuukata hupungua sana. Kulowana huku hakutokei papo hapo. Ndevu nene huhitaji kukaa na maji kwa dakika mbili au tatu, na joto husaidia kwa namna mbili: huharakisha maji kupenya, na hulainisha mafuta ya ngozi yaliyoufunika unywele na kuyazuia maji yasiufikie. Taulo, kwa hiyo, ni chombo cha kuyaweka maji ya moto usoni kwa muda ambao kiganja hakiwezi kuyaweka. Likikaa nusu dakika, ngozi imeshapata joto lakini ndevu hazijapata habari.

Mimi hufanya hivi. Naliloweka taulo kwenye maji ya moto, nalikamua mpaka lisidondoshe tone, kwa sababu taulo lililojaa maji ndilo linalounguza uso na kumtiririkia mteja shingoni. Nalikunjua mara moja hewani ili mvuke wa kwanza utoke, kisha nalibonyeza upande wa ndani wa kifundo cha mkono wangu mwenyewe, pale penye ngozi nyembamba. Nikiweza kulishikilia pale bila kukunja uso, mteja ataliweza. Naanzia chini ya kidevu: sehemu ya katikati ya taulo inakaa kooni, ncha mbili zinapanda mashavuni na kukutana kwenye paji la uso, pua inabaki nje. Halafu nabonyeza kwa viganja vyote viwili, taratibu, hasa kwenye kidevu na juu ya mdomo ambako ndevu ni ngumu kuliko kwingine. Taulo lililokamuliwa hupoa upesi, hivyo likianza kupoa nalibadilisha kwa jingine lililokuwa likisubiri. Kuliacha usoni likiwa limepoa ni kumpoteza mteja muda na kumpa mafua ya bure, ingawa hilo la mafua ni maneno ya mwalimu wangu, nami nalirudia kwa heshima yake tu.

Povu nalo watu hulidharau. Povu la kopo hutoka likiwa baridi na limejaa hewa. Hukaa juu ya ndevu kama pamba na halizilowanishi vya kutosha. Brashi iliyolowekwa maji ya moto, ikizungushwa juu ya sabuni na kisha usoni kwa kuzungusha, huziinua ndevu zilizolala na kuliingiza povu lenye maji hadi kwenye mizizi. Ukikuta ndevu ni ngumu kweli kweli, paka sabuni kwanza, kisha weka taulo la moto juu ya hiyo sabuni, kisha paka tena. Hapo hata wembe wa kawaida utateleza.

Kuhusu wembe wenyewe, kuna jambo ambalo wateja wengi hushangaa nikiwaambia: unywele huuharibu wembe. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuchunguza nyembe chini ya hadubini, na walionyesha kwamba unywele, ingawa ni laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, unaweza kuumegua ukingo wa makali, hasa pale unywele unapopinda na kukutana na chuma kwa pembe fulani. Ndiyo maana kabla ya kila mteja wembe wa kukunja wa kudumu hupitishwa kwenye ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, na ndiyo maana vilevile kinyozi anayerudia wembe wa kubadilisha ili kubana matumizi anakunyoa kwa msumeno mdogo usioonekana kwa macho.

Sasa tuje kwenye shingo yako. Kabla ya kupaka chochote, kinyozi anapaswa kuzipapasa ndevu kwa ncha za vidole ili ajue zinalalia wapi. Mashavuni karibu kila mtu ndevu zake huelekea chini. Shingoni hakuna kanuni: wapo ambao zinapanda, wapo ambao zinakwenda pembeni kuelekea sikio, na wengi wana mzunguko mmoja kama kimbunga kidogo chini ya taya, mara nyingi upande mmoja tu. Nadhani wewe una mzunguko huo upande wa kushoto. Kinyozi wako alipanda kutoka chini kwenda juu shingo nzima bila kuuliza, kwa hiyo mahali fulani alifuata mlalo na mahali pengine alikwenda kinyume chake huku ameivuta ngozi kwa nguvu. Kwa ndevu zilizonyooka hilo huleta muwasho wa siku moja. Kwa ndevu za kujikunja huleta ulichokiona.

Wembe hulazwa karibu na ngozi, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, na hupitishwa kwa mikato mifupi ya urefu wa kidole gumba. Ukiwa umefumba macho unaweza kumjua fundi kwa sauti: wembe mkali kwenye ndevu zilizolowana hutoa mlio wa chini, unaofanana, kama kitambaa kinachochanwa polepole chumba cha pili. Mlio ukikatika-katika, ama povu limekauka, ama wembe umechoka, na kinyozi makini husimama papo hapo na kupaka povu upya. Kwenye kikoromeo namwomba mteja ameze mate na kutulia, kisha naisogeza ngozi pembeni kidogo ili ninyoe juu ya mahali palipo tambarare badala ya kupanda mlima na wembe mkononi. Mpito wa kwanza wa wembe hufuata mlalo wa ndevu. Wa pili, kwa anayependa, hukata pembeni. Wa tatu, ule wa kinyume, mimi siwafanyii watu wenye ndevu kama zako hata wakinibembeleza, nami nimewahi kupoteza wateja kwa msimamo huo.

Sina Haraka anajibu:

Mimi nitakuwa mkweli, ingawa Fundi hatanipenda. Nilinyolewa kwa taulo na wembe kila baada ya wiki mbili kwa muda mrefu, tena na kinyozi hodari, na vipele havikuniacha hata siku moja. Nilipohamia kwenye mashine inayoacha vishina vifupi, vikaisha. Taulo la moto nililipenda na bado nalipenda, lakini tukiri kwamba nusu ya raha yake ni ile ya kulazwa, kufumbishwa macho na kuachwa bila simu kwa nusu saa. Hilo ni jambo la thamani. Ila mtu asiambiwe kwamba ni dawa ya ngozi.

Muuguzi wa Ngozi anajibu:

Sina Haraka amesema jambo la maana, na Fundi pia amesema kweli. Wanazungumzia ngozi tofauti. Naomba niongeze upande wa kitabibu, nikianza na kusahihisha maneno yanayosikika kila mahali, kwamba taulo la moto hufungua vinyweleo na taulo la baridi huvifunga. Vinyweleo havina misuli ya kufunguka na kufungika kama mlango. Joto hulainisha unywele, hulegeza mafuta na uchafu ulioziba, na huongeza mtiririko wa damu ndiyo maana uso huiva. Baridi hufanya mishipa midogo ya damu isinyae, hivyo wekundu na hali ya kuwaka moto hupungua. Manufaa yapo katika yote mawili, ila maelezo yanayozoeleka si sahihi.

Ndugu Ndevu Ngumu, ulichokieleza kwa karibu sana kinafanana na kile ambacho kitaalamu huitwa pseudofolikulaitisi ya ndevu, yaani uvimbe unaosababishwa na ndevu zinazorudi ngozini. Unywele wa kujikunja huota kutoka kwenye kishimo kilichopinda. Ukikatwa, ncha yake hubaki imechongoka kama mkuki, na unapokua hujipinda na kutoboa ngozi milimita moja au mbili kutoka mahali ulipotokea. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ndiyo inayohusu kuvuta ngozi: ngozi ikivutwa sana na wembe ukapita kinyume cha mlalo, unywele hukatwa ukiwa umevutwa nje, na ngozi ikiachiwa unywele huzama chini ya uso wa ngozi. Unapoanza kukua tena, hutoboa ukuta wa kishimo chake ukiwa bado ndani. Mwili huuona unywele huo kama mwiba na kuushambulia. Ndevu hukua kwa takriban theluthi ya milimita kwa siku, kwa hiyo kuchelewa hadi siku ya tatu kulikokushangaza ni jambo la kutarajiwa kabisa. Na ule ulaini wa ajabu wa siku ya kwanza ulikuwa dalili ya tatizo, kwani ndevu zilikuwa zimekatwa chini kuliko zinavyopaswa kukatwa kwa mtu wa aina yako.

Kwa sasa, acha kunyoa kwa wembe kabisa kwa wiki tatu hadi nne. Tumia mashine inayoacha kama milimita moja. Usitumbue vipele na usizing'oe nywele kwa kibano, maana unywele uliong'olewa huota upya ukiwa chini ya ngozi na kuanzisha safari ileile. Unywele ambao kitanzi chake kinaonekana juu ya ngozi unaweza kuinuliwa tu kwa ncha ya sindano safi na kuachwa ukiwa umesimama nje. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu, dakika chache asubuhi na jioni, husaidia kulegeza ngozi, na ni kichekesho kidogo kwamba taulo lililokosewa siku ile ndilo sehemu ya tiba leo. Ukiona usaha unaongezeka, maumivu yanasambaa, unapata homa, au makovu yanaanza kunenepa na kuwa magumu, nenda kwa daktari bila kungoja wiki hizo ziishe.

Kuhusu moto wa taulo, jambo hili si la kuchekwa kama alivyocheka kinyozi wako. Maji ya nyuzi joto 60 yanaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na kabati za kupashia mataulo hupata joto kubwa zaidi ya hilo. Kuinua kichwa kulikuwa ni mwili wako kukulinda. Mteja hapaswi kuvumilia taulo, na hakuna anayelizoea. Analolizoea ni kuungua kidogo. Watu wenye kisukari ambao hisia za ngozi zimepungua, na wale wenye ngozi inayoiva na kuwaka kila ikipata joto, wamwambie kinyozi mapema. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za chunusi zinazochubua ngozi au vidonge vya chunusi viitwavyo isotretinoini, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba kuliko inavyoonekana, na kwa anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Mwenye malengelenge mdomoni au vipele vya chunjua usoni asinyolewe kwa wembe hadi apone, kwa maana wembe huvisambaza kama anayepanda mbegu.

Nisiposema neno juu ya damu nitakuwa sijafanya kazi yangu. Wembe hutoa michubuko ambayo macho hayaioni. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye chuma au kitambaa, kwa muda wa angalau siku 7, na damu isiyoonekana inatosha kuviambukiza. Wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele yako. Taulo liwe limefuliwa baada ya mteja aliyetangulia. Taulo lenye harufu ya uvundo limelala likiwa bichi kwenye kabati, na joto la kabati halilisafishi. Wala taa ya buluu ndani ya kisanduku haiui vijidudu mahali ambapo mwanga wake haufiki, kwa mfano katikati ya mikunjo. Na kile kipande cha shabu kinachopitishwa kwenye kidonda cha kila mteja kuanzia asubuhi mpaka jioni, kikatae kwa upole. Shabu ni nzuri sana kwa kukausha damu, lakini itumike ya unga, kwa pamba ambayo baadaye inatupwa.

Najinyoa Mwenyewe anajibu:

Nimefurahi kuona shabu imetajwa, maana hiyo ndiyo iliyoniokoa siku niliyojifanya fundi. Nilikuwa nimejinunulia wembe wa kukunja, nikajifunza kwa kutazama tu, na upande wa kulia ulikwenda vizuri kiasi cha kunitia kiburi. Nilipohamisha wembe kwenda mkono wa kushoto, nikakata ndewe ya sikio, mahali ambapo hapana hata udevu mmoja. Damu ya sikio haikatiki kwa urahisi. Tangu siku hiyo naielewa ile kauli kwamba kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata, na wembe wa kukunja nimewaachia wenyewe.

Hata hivyo, sehemu ya taulo mtu anaweza kuifanya nyumbani bila hatari, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote. Mimi nanyoa baada ya kuoga, ndevu zikiwa zimeshalowana kwa dakika kadhaa, kisha naweka taulo dogo lililokamuliwa kwa maji ya moto ambayo mkono wangu unayavumilia, na kulirudia mara moja tu. Natumia wembe wa usalama wenye kipande kimoja cha kubadilisha, wa aina ambayo King C. Gillette alipata hataza yake huko Marekani mwaka 1904, kwa sababu nyembe zenye makali matatu au matano yaliyopangana humvuta mtu kama mimi unywele na kuukata chini ya ngozi, jambo ambalo Muuguzi amelieleza vizuri kuliko ningeweza. Sibonyezi. Uzito wa kishikio chenyewe unatosha, na mahali ninapojikuta nabonyeza najua ama ndevu hazijalowana, ama wembe umekwisha.

Nakiri kwamba sipati ulaini wa kwa kinyozi. Jioni nikipitisha kiganja shavuni nasikia mkwaruzo kidogo. Lakini shingo yangu haijapata kipele kwa muda mrefu, na mimi nimeridhika na biashara hiyo.

Jambo jingine dogo ambalo lilinichukua muda kulibaini ni mafuta ya manukato. Nilikuwa natia matone ya mafuta ya mkaratusi kwenye maji ya taulo kwa sababu nilipenda ile harufu ya kwa kinyozi inayozibua pua. Uso ukawa unawaka kwa saa nzima, nami nikawa naulaumu wembe. Nilipoacha mafuta, kuwaka kukaacha. Ngozi iliyotoka kunyolewa imepoteza sehemu ya tabaka lake la juu, na chochote unachoiwekea kinaingia kwa kasi, kikiwamo kile kimiminika chenye spiriti ambacho watu hujipiga nacho mashavuni wakiamini kuwa kuuma kwake ndiko kuponya.

Ndevu Ngumu anarudi:

Shikamoo Fundi, na ninyi wengine wote ahsanteni sana. Nimepapasa shingo kama ulivyoelekeza na mzunguko upo kweli, upande wa kushoto, kipenyo chake kama sarafu. Miaka yote hii nimeishi nao bila kuujua. Wembe nimeuweka kando na kitambaa cha uvuguvugu nimekianza jana.

Limebaki swali moja. Vipele vikiisha ningependa kujaribu tena, angalau mashavuni, kwa sababu pamoja na yote yaliyotokea ile raha ya kulala na taulo usoni sijaisahau. Ila mimi ni mtu wa aibu. Nikishalazwa na kufunikwa, mtu akisimama juu yangu na wembe, ulimi hunishika. Nawezaje kumwambia kinyozi mambo haya yote bila kuonekana kwamba namfundisha kazi yake?

Fundi wa Wembe anajibu:

Marahaba, kijana wangu. Yaseme kabla hujalala. Mtu akiwa amekaa wima huzungumza kama mteja, akishalala huzungumza kama mgonjwa, na sisi vinyozi tunaijua tofauti hiyo hata kama hatuisemi. Mwambie: fundi, ndevu zangu zinarudi ngozini, naomba unyoe mara moja tu kwa kufuata mlalo, shingoni utumie mashine. Hapo hujamfundisha chochote, umempa habari za ngozi yako ambayo wewe ndiye uliyekaa nayo. Kisha mtazame anafanya nini. Akizipapasa ndevu zako kabla ya kugusa taulo, umefika. Akichukua wembe wa jana uliolala kwenye glasi, simama, shukuru, ondoka. Hakuna kinyozi mwenye heshima zake atakayekuuliza kwa nini.

Nakubaliana na Sina Haraka kuhusu mashine kwa shingo kama yako, na nakubaliana na Muuguzi kuhusu vinyweleo, ingawa itanichukua muda kuacha kuwaambia wateja kwamba vinafunguka, kwa kuwa nimelisema hilo tangu siku ya kwanza ya kazi na wao hupenda kulisikia.

Na taulo, ukishafunikwa, usilihesabie sekunde. Zungumza tu. Likiwa la moto mno sema linaunguza, nami au mwenzangu yeyote tutalikunjua tena hewani. Likiwa limepoa na bado limekaa, inua kidole kimoja kutoka chini ya shuka na useme, fundi, limepoa.